UZI: Mafuta hayachanganyiki na maji, lakini si kwa sababu ni mepesi

#1 Mkamua Tui (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wana jukwaa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani Tandika, nimekalia mbuzi nakuna nazi, na mtoto wa kaka yangu aliye kidato cha pili yuko pembeni na daftari lake. Akanisomea swali: "Kwa nini mafuta hayachanganyiki na maji?" Chini yake alikuwa keshaandika jibu: kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Nikamwambia likate hilo. Akashangaa. "Shangazi, darasa zima tumeandika hivyo."

Ndiyo maana nafungua uzi huu. Nilifanya kazi miaka tisa kama fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari hapa Dar, na sasa nafundisha vikundi vya kina mama kutengeneza sabuni ya maji. Kote huko nimekutana na jibu hilo hilo, na nimeona linavyowapotezea watu chakula na mtaji. Ngoja niliseme kwa kirefu.

Tuanze na spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kama gramu 920. Lita ya spiriti safi ina kama gramu 790 tu. Kwa hiyo spiriti ni nyepesi kuliko hata mafuta. Kama wepesi ndio unaozuia kuchanganyika, spiriti ingepaswa kuelea juu ya maji na kukaa huko milele. Imwage kwenye maji uone: ukikoroga mara moja imezama humo humo, hutaiona tena. Na ukidondosha tone la mafuta ya kupikia ndani ya spiriti, tone linazama hadi chini. Mafuta yamezama, na bado hayajachanganyika. Wepesi umeondoka, kutengana kumebaki.

Uzito unaamua nani akae juu na nani akae chini baada ya kutengana. Hauamui kama watatengana.

Kinachoamua ni mvutano wa molekuli. Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, nayo haikunyooka, imepinda kwa nyuzi 104.5. Oksijeni ina nguvu ya kuvuta elektroni kuliko haidrojeni, basi upande wake unakuwa na chaji hasi kidogo na ncha za haidrojeni zinakuwa chanya kidogo. Ncha chanya ya huyu inanasa upande hasi wa yule, yule anamnasa mwingine, na maji yote ndani ya glasi yanakuwa kama watoto walioshikana mikono, wanaoachiana na kushikana tena bila kupumzika.

Spiriti ikiingia, nayo ina mkono. Molekuli yake ina kipande cha oksijeni na haidrojeni kinachofanana na maji, kwa hiyo inashikwa na kukaribishwa. Sukari ina mikono mingi, siki inayo, maji ya ndimu ni maji tayari.

Mafuta ya kupikia ni mikia mitatu mirefu ya kaboni na haidrojeni iliyofungwa kwenye kigingi kimoja. Katika mikia hiyo elektroni zimegawanywa karibu sawa, hakuna upande chanya wala hasi wa kushikika. Ili mafuta yapenye katikati ya maji, maji yanapaswa kuachiana mikono na kujipanga upya kuzunguka kitu ambacho hakiwapi chochote. Wanaona heri washikane wenyewe, na mafuta yanasukumwa nje, yanakutana na mafuta wenzao.

Watu husema maji yanayachukia mafuta. Hapana. Maji yanavutana kidogo na mafuta pia, ila yanavutana yenyewe kwa yenyewe zaidi sana.

Karibuni na mifano ya jikoni, gereji na kazini kwenu. Nawasilisha.

#2 Mwanafunzi wa Ukonga

Dada asante, mimi niko kidato cha nne. Lakini kwenye mtihani nikiulizwa kuhusu tabaka kwenye glasi, asali chini, maji katikati, mafuta juu, si hapo jibu ni uzito? Naona kama vitu viwili vinanichanganya.

#3 Mkamua Tui

Mdogo wangu, umeuliza vizuri. Ni vitu viwili kweli, na glasi hiyo hiyo inaweza kukuonyesha vyote.

Chukua glasi ndefu. Weka asali chini, lita yake ina kama kilo 1.4. Juu yake mimina maji taratibu kupitia mgongo wa kijiko, uwe umeyatia rangi ya chakula kidogo. Juu ya maji weka mafuta ya kupikia. Juu kabisa mafuta ya taa, ambayo lita yake ina kama gramu 800. Fanya mbali na jiko. Utaona ghorofa nne, ingawa mpaka wa mafuta ya taa na ya kupikia utafifia haraka. Hapo jibu ni uzito kwa ujazo, andika hivyo na utapata maksi.

Sasa koroga kwa nguvu, halafu uache nusu saa. Hazirudi nne. Zinarudi mbili. Asali imeingia kwenye maji na haitoki tena. Mafuta ya taa yameingia kwenye mafuta ya kupikia na hayatoki tena. Kabla ya kukoroga ulikuwa unaona uzito, baada ya kukoroga unaona nani ni wa nani: kambi ya maji na kambi ya mafuta.

Usitie sabuni ya vyombo kwenye jaribio hilo. Sabuni ni habari nyingine, nitaifikia.

Na usidanganyike na kinavyoshikika mkononi. Gliserini inateleza, ni nzito, madukani wengi wanaiita "mafuta ya gliserini". Dondosha kwenye maji: inashuka chini kwa sababu lita yake ina kilo 1.26, kisha ukikoroga inapotea kabisa. Ina mikono mitatu ya kushikana na maji. Gliserini ndicho kile kigingi nilichosema kinafunga mikia ya mafuta; ukikata mikia, kigingi kinahamia kambi ya maji. Chukua mafuta ya mgando ufanye hivyo hivyo, utakoroga mpaka kesho.

#4 Fundi wa Gerezani

Dada unafundisha vizuri, nimesoma hadi mwisho. Nina maswali mawili ya gereji.

La kwanza, gari likiunguza gasketi ya silinda hedi, maji ya rejeta yakiingia kwenye oili, ukivuta stiki unakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Ukiiacha usiku kucha inabaki hivyo hivyo. Mbona hapo maji na oili vimekubaliana?

La pili, mafuta yaliyochakachuliwa. Petroli ikiwa na maji naiweka kwenye chupa nyeupe, dakika chache maji yanakaa chini naonyesha mteja. Ila dizeli iliyotiwa mafuta ya taa hata uiache wiki, huoni kitu.

#5 Mkamua Tui

Kaka, la pili ndilo rahisi. Petroli, dizeli na mafuta ya taa wote ni kambi moja, mikia mitupu ya kaboni na haidrojeni. Wanatofautiana hasa kwa urefu. Ukiwamimina pamoja hakuna anayemsukuma mwenzake, kwa hiyo hakuna mpaka wa kuuona kwa jicho. Wachakachuaji waliitumia hali hiyo hiyo: mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini na yanajificha ndani ya dizeli bila kuacha alama. Ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani kemikali ya alama, kwenye mafuta mwaka 2010. Kinasaba kinachanganywa kwa kipimo maalumu, na mafuta ya kituoni yakipimwa kipimo hicho kikawa kimepungua, inajulikana kuna kitu kimeongezwa. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua iondoke. Kwa hiyo, kaka, chupa yako nyeupe inakamata maji tu. Mteja asitoke hapo akiamini imemhakikishia kwamba dizeli yake ni safi.

Na maji kukaa chini kwenye tangi ndiko kunakosumbua magari, kwa sababu pampu inavuta karibu na sakafu ya tangi. Maji kidogo tu yanatangulia kufika injini.

La kwanza: havijakubaliana. Chukua hiyo "chai ya maziwa" uiweke chini ya hadubini, utaona matone madogo mno ya maji yametapakaa ndani ya oili, kila tone peke yake. Ule weupe ni mwanga unaogonga matone hayo na kutawanyika kila upande. Injini imeyapigapiga kwa kasi kubwa, na oili za injini zinatengenezwa zikiwa na dawa za kusafisha ndani yake, aina ya sabuni. Dawa hizo zinalivika kila tone koti, matone yakigongana hayaungani. Hali hiyo inaitwa emalsheni. Ukiona kimiminika cheupe kisichopitisha mwanga, shuku kwanza kwamba ni emalsheni. Maziwa ni emalsheni. Tui pia.

#6 Mpishi wa Sinza

Umetaja tui, nami ndipo nilipokuwa nasubiri. Mimi napikia watu, mchuzi wa samaki wa nazi ndio unaoniletea wateja. Kuna siku tui linakatika, linakuwa vipande vipande na mafuta juu, na siku nyingine na moto ule ule linatulia. Bibi yangu alikuwa anasema usifunike sufuria na usiache kukoroga. Alikuwa sahihi? Na kwa nini?

#7 Mkamua Tui

Dada, jina langu humu limetoka hapo hapo. Nimekamua tui tangu nina miaka saba, Magomeni, kwa kifumbu, na nadhani ndilo lililonifanya nipende kemia kuliko kitabu chochote.

Tui ni mafuta ya nazi yaliyo ndani ya maji kwa matone madogo. Matone hayo hayajaachwa uchi. Nazi yenyewe ina protini, na protini zinazunguka kila tone, upande mmoja ukishika mafuta na mwingine ukishika maji. Ndizo koti lake. Kasimile, lile tui la kwanza, lina mafuta mengi kwa hiyo matone yamebanana. La pili na la tatu yana maji zaidi.

Koti hilo la protini ni dhaifu kuliko sabuni ya gereji. Linaharibika kwa njia tatu ninazozijua, na mpishi anakutana nazo zote kwenye sufuria moja.

Moto ni ya kwanza. Protini ikipata joto kali, kuanzia nyuzi 80 hivi kwenda juu, inajikunja na kuganda kama ute wa yai. Ikishaganda haivishi tone vizuri, matone yanaungana, mafuta yanapanda juu, protini inabaki vipande. Bibi yako alikuwa sahihi mara mbili. Kukoroga kunazuia joto lisijikusanye chini ya sufuria wakati juu bado kuna uvuguvugu. Kutofunika kunazuia mchemko wa ghafla unaopandisha tui lote kwa mara moja.

Ya pili ni uchachu. Ndimu, ukwaju, nyanya nyingi, embe bichi. Matone ya tui yanasukumana kwa sababu protini zao zina chaji inayofanana. Asidi inaiondoa chaji hiyo, na matone yanakosa sababu ya kukaa mbalimbali. Kwa hiyo nyanya zichemke ziive kwanza, tui liingie baadaye, ndimu ibanwe sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Ndilo jambo lile lile la maziwa: protini yake kuu, kaseini, inaganda uchachu ukifika pH 4.6, ndiyo maana maziwa yaliyochacha ukiyapasha yanakatika palepale.

Ya tatu ni muda na baridi. Tui likikaa, mafuta yanapanda juu taratibu hata bila kuharibika, kwa kuwa ni mepesi (hapo uzito unafanya kazi yake halali). Ukilitia kwenye friji, mafuta ya nazi yanaganda, kwani yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Fuwele zake zinatoboa makoti ya jirani. Ukilipasha siku ya pili matone yanamwagika. Tui la friji litumie kwenye wali au mboga ya majani, ambako kukatika hakuonekani. La mchuzi wa mteja likamuliwe siku hiyo hiyo.

Ila kuna mtu anayelikata tui kwa makusudi na kushukuru. Wanaochemsha tui kupata mafuta ya nazi wanaliacha juu ya moto mpaka maji yote yaishe na protini ziungue kahawia chini. Wao wanatafuta kile unachokikimbia wewe.

#8 Mpishi wa Sinza

Miaka yote nimekuwa nabana ndimu kwenye sufuria inayotokota. Kesho nabadilisha. Mungu akubariki dada.

#9 Chipsi za Usiku

Naomba niseme moja kwa wenzangu wa vibanda. Mwaka juzi mafuta ya karai yalishika moto, kijana akamwagia jagi la maji. Moto ulifika kwenye turubai na mkono wake una kovu hadi leo. Dada tueleze ili wengine wasifanye.

#10 Mkamua Tui

Pole sana kwake na kwako kaka. Nasema kwa kifupi, kila mtu alisome: maji hayachanganyiki na mafuta na ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama. Huko chini yanakuta mafuta yaliyopita nyuzi 200, wakati maji huchemka kwa nyuzi 100. Yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unachukua nafasi kama mara 1,700 ya ile ya maji. Mvuke huo unarusha mafuta yanayowaka juu kama bomba. Zima jiko, funika karai kwa mfuniko au sinia la bati, uliache lipoe. Usilibebe, usilimwagie chochote.

#11 Mzee wa Feri

Wanangu nimesoma kwa furaha. Mimi ni mtu wa baharini, nimevuka maji ya Kigamboni toka ujana. Pale boti inapovuja mafuta, hata kidogo tu, viwimbi vidogo vinalala na maji yanang'aa kama kioo, eneo kubwa kuliko mafuta yenyewe. Kama mafuta hayapatani na maji, mbona yanatanda namna ile? Kwa nini yasibaki tone?

#12 Mkamua Tui

Shikamoo mzee. Ulichokiona kilimsumbua Benjamin Franklin wa Marekani. Akiwa Uingereza alimwaga kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye bwawa la Clapham, London, siku ya upepo, na maji yakatulia eneo la kama nusu eka. Aliandika habari hiyo mwaka 1774. Hakupiga hesabu iliyokuwa mbele yake: ukitandaza kijiko kimoja juu ya nusu eka, unene wa mafuta unakuwa kama sehemu moja ya laki nne ya milimita. Huo ni unene wa molekuli moja, si zaidi.

Mafuta ya kupikia yanatanda hivyo kwa kuwa kile kigingi kinachofunga mikia kina oksijeni. Kigingi kinayashika maji, mikia inasimama hewani. Kila molekuli inataka nafasi ya kuweka kigingi chake majini, basi zinasogea mpaka zimekaa safu moja. Haziingii ndani ya maji, ila zinashikilia uso wake. Mafuta ya mashine nayo yana dawa zenye vichwa vya namna hiyo. Utando huo unadhoofisha mvutano wa uso wa maji na kuzima viwimbi vidogo ambavyo upepo hushikia ili kujenga wimbi.

Mzee, kuna mwanamke ninayemheshimu sana katika jambo hili. Agnes Pockels, wa Braunschweig, Ujerumani. Hakupata nafasi ya chuo kikuu, wakati huo wanawake hawakupokelewa, akabaki nyumbani kuwatunza wazazi wake. Akiosha vyombo aliona jinsi mafuta na sabuni vinavyobadilisha uso wa maji ya karo, akaunda chombo cha kupimia kwa bati, kipande cha kuzuia uso wa maji na kitufe kilichoning'inizwa kwenye mizani. Baada ya miaka kama kumi ya vipimo alimwandikia barua mwanasayansi Lord Rayleigh, naye akaituma ichapishwe kwenye jarida la *Nature* mwaka 1891. Vyombo vilivyokuja baadaye vya kuchunguza tando za molekuli moja vimefuata mfano wa karo lake. Kina mama ninaowafundisha huwa nawasimulia habari zake siku ya kwanza kabisa, kabla hata hatujafungua ndoo ya malighafi.

#13 Mnunuzi wa Asali

Swali fupi. Kariakoo muuzaji alidondosha asali kwenye glasi ya maji, ikashuka chini bila kutawanyika, akasema hiyo ndiyo dalili ya asali halisi kutoka Tabora. Ni kweli?

#14 Mkamua Tui

Si dalili ya kutosha. Asali inashuka kwa sababu ya uzito, na inachelewa kuyeyuka kwa sababu ni nzito kutiririka. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito sawasawa inafanya vivyo hivyo. Jaribio hilo linamkamata aliyetia maji mengi tu. Asali zote mbili, halisi na bandia, ni kambi ya maji, ukikoroga zote zinayeyuka. Nunua kwa mtu unayemjua mzinga wake.

#15 Mama wa Watatu

Na mimi nina langu. Dettol kwenye chupa inaonekana angavu, ya kahawia. Nikitia kwenye beseni inakuwa nyeupe kama maziwa. Kulingana na ulivyosema huko juu, hiyo ni emalsheni?

#16 Mkamua Tui

Umepatia kabisa mama. Ndani ya chupa kuna vitu vya kambi ya mafuta, mafuta ya msonobari na dawa yenyewe, vilivyoyeyushwa kwenye alkoholi pamoja na sabuni. Alkoholi ina mkono mmoja wa kushika maji na mkia mfupi unaoelewana na mafuta, kwa hiyo inawaweka wote nyumba moja. Ukimimina kwenye beseni, alkoholi inakimbilia kwenye maji mengi, mafuta yanaachwa bila mwenyeji, yanajikusanya kuwa matone madogo mno, na sabuni inayavika koti. Weupe ndio huo.

Kwa kuwa umegusa beseni la usafi, naongeza onyo. Vimiminika vingine vinachanganyika vizuri mno na hapo ndipo hatari ilipo. Jiki na dawa ya choo yenye asidi vyote ni kambi ya maji, vinaungana papo hapo na kutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Jiki na siki, vivyo hivyo. Kuchanganyika bila kujitenga si ushahidi kwamba ni salama.

#17 Mjasiriamali wa Mbagala

Samahani nimechelewa kuuona uzi. Dada naomba msaada wako. Natengeneza sabuni ya maji lita 20: asidi ya salfoniki, magadi soda, Ungarol (kiungo cha sabuni kinachotoa povu), gliserini, chumvi, pafyumu na rangi. Kipimo nilichofundishwa Tabata kilikuwa kinatoka vizuri. Nimehamia Mbagala mwezi uliopita, kipimo kile kile, ndoo ile ile, sabuni inakuwa nyepesi kama maji na baada ya siku mbili imejigawa, juu zito chini maji. Pafyumu nayo inaelea kama mba. Nimeshamwaga ndoo mbili. Nimeongeza chumvi ili iwe nzito, ikazidi kuharibika.

#18 Mkamua Tui

Pole dada yangu. Kabla sijasema lolote: Tabata ulikuwa unatumia maji gani, na Mbagala unatumia yapi?

#19 Mjasiriamali wa Mbagala

Tabata yalikuwa ya bomba. Huku ni ya kisima cha jirani, yana chumvi, hata chai haipendezi.

#20 Mkamua Tui

Nilihisi hivyo, na nafurahi umeliweka wazi.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji, chenye chaji, na mkia unaopenda mafuta. Zikiwa nyingi ndani ya maji zinajikusanya, mikia ndani, vichwa nje, kuwa vifundo vidogo vinavyoitwa miseli. Uchafu wa mafuta kwenye sahani unaingia katikati ya vifundo hivyo, na ndivyo sabuni inavyoondoa mafuta. Sasa vichwa vina chaji sawa, vinasukumana, kwa hiyo miseli zinakuwa duara na sabuni inakuwa nyepesi. Ukiongeza chumvi, inapunguza kusukumana huko. Vichwa vinasogeleana, miseli zinarefuka kama tambi, tambi zinajisokota, na sabuni inakuwa nzito. Chumvi haiongezi nguvu ya kusafisha, inapanga umbo tu.

Ila ina kilele chake. Ukikipita, zile tambi zinaanza kuunganika matawi kwa matawi, zinateleza badala ya kujisokota, na sabuni inarudi kuwa nyepesi. Ukiendelea, chumvi inashika maji yote kwa ajili yake na sabuni inafukuzwa, inajitenga juu. Wapishi wa sabuni za mche wanalitumia hilo kwa makusudi, wanamwaga chumvi ili sabuni ipande juu na maji yabaki chini. Wewe umefika huko bila kukusudia: kisima kilishaanza kutia chumvi kabla yako, kipimo cha Tabata kikakupitisha kilele, na ulipoongeza ukazidi kukiacha nyuma.

Fanya hivi. Nunua maji ya bomba, au kinga ya mvua ikinyesha, kwa ajili ya sabuni tu. Tengeneza lita moja, si ishirini. Chumvi yeyusha pembeni kwenye kikombe, uitie kijiko kimoja kimoja, kila kijiko koroga taratibu usubiri dakika kumi. Ikianza kuwa nzito punguza mkono, usikimbilie kilele. Andika vijiko vingapi, kisha zidisha. Ndoo iliyoharibika kwa chumvi usiimwage. Ongeza maji yasiyo na chumvi na Ungarol kidogo kidogo, nyingi zinarudi.

Pafyumu ni kambi ya mafuta. Ukiidondosha kwenye ndoo iliyokwisha kuwa tayari inakosa mlango wa kuingilia miseli. Ikoroge kwanza na Ungarol kikombe kimoja mpaka iwe angavu, ndipo uimimine. Na kila sabuni ina kiasi cha pafyumu inachoweza kubeba, kikizidi kitaelea tu.

#21 Mjasiriamali wa Mbagala

Nimerudi. Lita moja kwa maji ya bomba, chumvi vijiko viwili na nusu vya chai, pafyumu nimeianza na Ungarol. Imekuwa nzito na angavu, unaona kidole upande wa pili wa chupa. Ndoo niliyokuwa nimebakiza nayo imerudi baada ya kuongeza maji, ingawa si nzito kama hii. Nianze kuuza?

#22 Mkamua Tui

Hongera sana dada, nimefurahi kweli. Bado usiuze. Weka chupa moja dirishani inakopata jua, nyingine kivulini, zikae wiki mbili bila kutikiswa. Ukiona mstari wowote, hata mwembamba kama uzi, njoo hapa uniambie uko juu au uko chini.